Mgongo wa Dereva na Mikanda ya Mtumba

Wewe kijana uliyekabidhiwa lori juzi, hebu fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Simama, nyoosha magoti, inama ushike vidole vya miguu. Umevifikia? Hongera. Rudia tena ukishakaa barabarani miaka kumi, kisha uje Pongwe unieleze. Utanikuta tu, siku hizi siendi mbali zaidi ya sokoni na msikitini.

Jina langu Bakari, dereva mstaafu. Nimebeba chokaa, mbao na machungwa kutoka Tanga kwenda Arusha, Singida, Mwanza, na Kigoma enzi zile lami haijafika. Watu wakisikia hivyo hutaka niwasimulie habari za ajali na simba. Simba nilimwona mara moja. Alikuwa amelala kando ya barabara na hakuwa na habari na mimi. Kilichonishangaza zaidi katika kazi ile kilikuwa kiunoni mwangu mwenyewe. Gari la tajiri nililijua boliti kwa boliti, nikisikia mlio nasema huu ni wa beringi ya nyuma kulia. Mwili wangu ukilia nilikuwa nameza kidonge na kuongeza sauti ya redio. Nilipoanza kuuchunguza, nikaona ni kitu cha ajabu sana, na mpaka leo sijamaliza kukichunguza.

Kwa hiyo humu utakuta mikanda, mipira ya baiskeli na milango ya gesti. Anayetaka simba aende mbugani.

Lakini lazima nianzie makaburini, kwa sababu bila yaliyonikuta huko nisingejali kitu.

Siku baba alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia Tanga kutoka Mwanza. Nilizima injini, nikapewa habari, nikapitiliza moja kwa moja hadi Mwera, kwetu, upande wa Pangani, bila kulala wala kunyoosha miguu. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, waliobaki ni dada zangu. Mnajua taratibu zetu: watu wa karibu wa maiti huteremka kaburini kumpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla. Nikateremka na ami yangu Salimu na binamu mmoja. Baba alikuwa bado kwenye jeneza pembeni. Nikainama kutoa udongo uliokuwa umeporomokea kwenye mwanandani, ule mfereji wa ndani anamolazwa maiti, na hapohapo kiuno kikashika.

Sijui kama kimewahi kukushika. Si maumivu tu. Ni kama mtu amekupigilia msumari, huwezi kwenda juu wala chini. Nikabaki nimeinama vilevile, jasho linanitoka. Ami Salimu akaniangalia, akaelewa.

"Bakari, toka," akasema taratibu. "Panda juu, mwanangu. Sisi tutampokea."

Nami kupanda siwezi. Ikabidi watu wawili wanishike makwapani, wanivute kama gunia, wakati baba yangu anangoja. Akateremshwa kaburini, mimi nimelala ubavu kwenye nyasi nikitazama miguu ya watu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, ningepata wa kumkasirikia.

Wiki chache baadaye nikaenda kumwona mama, yuko ndani ya eda. Tukazungumza mambo ya shamba na ya nyumba. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuagiza sukari:

"Baba yako wamempokea nduguze, sina neno. Lakini mimi kaka zangu wote wametangulia, na ami yako Salimu si maharimu wangu, hanigusi. Siku yangu ikifika, Bakari, nataka unipokee wewe."

"Inshallah, mama."

"Inshallah na huo mgongo?"

Nilirudi Tanga na swali lile kichwani, na likakaa humo miaka mingi.

Nilifanya wanayofanya madereva wote. Nilipaka dawa ya kuchua mpaka kabini nzima ikanuka kama zahanati. Niliumikwa kwa pembe, nikakandwa, nikavaa mshipi mpana kiunoni. Mwenzangu wa safari, Petro, ambaye mara nyingi tulikuwa tunaongozana, yeye na lori lake mimi na langu, alikuwa ananiita Bibi Harusi kwa jinsi nilivyokuwa nashuka kwenye gari: mguu mmoja kwanza, nasubiri, halafu wa pili. Petro ni Mkatoliki, mzaliwa wa Hale, babu yake aliletwa pwani kukata mkonge. Ulimi wake hauna breki lakini moyo wake mzuri.

Sasa njooni kwenye mikanda yenyewe.

Jumamosi moja nilikuwa napita kwenye mitumba, nikaona kwenye turubai la muuzaji, katikati ya viatu vya mpira na mabegi, mikanda miwili ya njano iliyoungana juu. Mizito, imara, ina vifungo vya chuma vya kurefusha na kufupisha. Chini ina vishikio viwili vyenye sifongo, na chini ya vishikio kuna vitanzi. Nikamwuliza muuzaji ni ya nini. Akaigeuza, akaivuta, akafikiri.

"Ya kufungia mizigo, mzee."

Nami sikuona sababu ya kumbishia. Nilinunua nikiwa na furaha kabisa, nikaenda kufungia turubai la gari. Msimu mzima wa machungwa nilitembea na mikanda ile kutoka Maramba hadi nje ya mkoa, turubai limekaza vizuri. Nikawa namsifia Petro: wenzetu Ulaya wanamjali dereva, mpaka wameweka sifongo asije akaumia viganja akikaza mzigo. Petro akaikagua kwa wivu, akaniomba nikiona mingine nimchukulie.

Aliyenifungua macho ni Dada Naomi. Huyu ni Msambaa wa Lushoto, mtaalamu wa viungo katika hospitali moja mjini Tanga. Siku hiyo alikuwa Maramba kuwaona wagonjwa, gari lililomleta likaharibika, akaomba lifti. Nilikuwa napakia machungwa. Akazunguka gari akitazama hili na lile, ni mtu wa kuulizauliza kama mimi, halafu akasimama nyuma ya bodi.

"Kaka Bakari, hii mikanda umeitoa wapi?"

"Mitumba. Imara sana hiyo."

"Na hivi vishikio kazi yake nini?"

"Unashikia wakati wa kukaza."

"Na hivi vitanzi vya chini?"

"Vya kutia kwenye kulabu za bodi."

Akakaa kwenye tairi la akiba lililokuwa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wapakiaji wakaacha kazi kumtazama.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "hivyo ni vya kutia miguu. Hii ni jimu. Watu wanaosafiri wanaikunja kwenye begi, wakifika wanaifunga mahali pa juu, wanafanya mazoezi. Vyuma havihitajiki, uzito ni mwili wako mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia apande twende, giza lisitukute njiani. Nami nikapanda kwa mtindo wangu, najivuta kwa mikono huku nimekunja uso, kitu ambacho nilikuwa nimekizoea hata sikijui. Yeye alikiona. Tulipofika Mkinga akaniuliza kuhusu kiuno, na sijui kwa nini, labda kwa sababu macho yetu yote yalikuwa barabarani, nikamweleza habari yote, na ya kaburi la baba, na alilosema mama. Hakucheka tena.

Pongwe nikasimamisha gari. Akashuka, akaniambia nami nishuke, akafungua mikanda yangu kwenye turubai, akaifunga kwenye chuma cha juu nyuma ya bodi.

"Inama."

Nikainama, nikaishia magotini. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, nikayumba. Akaniambia nikaze makalio. Nikamtazama. Mimi mtu mzima, barabarani, na watu wanapita.

"Kaza, kaka, nimeona mengi zaidi ya hayo."

Nikajaribu. Hakikukaza kitu.

"Unaona? Makalio yako yamelala. Umeyakalia miaka mingi mpaka yamesahau kazi, na mgongo unafanya kazi ya watu wawili. Unapaka dawa mgongoni bure, mgongo haujakosa kitu."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na hamu ya kujua. Mtu wa mizigo nikisikia kwamba panapouma siyo penye kosa, naelewa mara moja. Mara ngapi tairi la kulia linaliwa kwa sababu mzigo umekaa vibaya kushoto? Nikauliza swali juu ya swali mpaka akaniambia anataka kwenda nyumbani, ana watoto.

Alinionyesha mambo matatu tu siku ile. La kwanza, shika vishikio, lala nyuma mwili umenyooka kama ubao, jivute mpaka kifua kifike mikononi, rudi taratibu. La pili, shika vishikio, chuchumaa mpaka chini kabisa, simama, mikanda ikusaidie pale tu unapokwama. La tatu, weka mikono chini, tia miguu kwenye vitanzi, kaa hivyohivyo bila kuacha tumbo lining'inie. Hili la tatu lilinidhalilisha. Nilitetemeka kama gari lenye injini isiyokaa sawa.

Lakini sikilizeni jambo lililoninasa. Unapolala nyuma na mikanda, ukisogeza nyayo kidogo tu kuelekea ulikofunga, mzigo unaongezeka. Ukirudi nyuma, unapungua. Mtu ni yuleyule, mkanda ni uleule. Nilikaa nyuma ya gari kwenye foleni ya mizani nikisogea mbele, nikirudi nyuma, nikijaribu mguu mmoja, nikijaribu kufumba macho. Ukifumba macho, mwili unahangaika ajabu. Jaribuni. Petro alinikuta hapo akasema amenitafutia mganga Handeni, twende.

Nikawa naibeba kila safari. Ukiikunja inaingia kwenye mfuko mdogo pamoja na kikoi na mswaki, na kwenye kabini pale nyuma ya kiti haikuchukua nafasi ya mtu. Turubai lilirudishiwa kamba za manila.

Sasa mambo ya kujua, maana nimeyalipia kwa ngozi yangu.

Kwanza milango. Gesti nyingi mlango unafungukia ndani. Ukiwa chumbani ukaufunga mkanda juu ya mlango huo na kulala nyuma, unauvuta upande ule ule unaofungukia, na kinachokushikilia ni komeo peke yake. Komeo la gesti unalijua. Singida nilifunga mkanda, nikavaa kikoi, nikamtaja Mungu, nikajilaza. Safari ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu komeo likang'oka na skrubu zake, nikaenda chali mpaka chini ya kitanda, miguu juu, mlango wazi. Mwenye gesti, mama mmoja mnene mpole, alikuwa anapita koridoni na ndoo ya maji ya kuoga ya mteja. Akasimama. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama mkanda.

"Mlango umekukosea nini, baba?"

Nilitafuta bisibisi nikalirudisha komeo mwenyewe, na bisibisi ilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila niliyepishana naye koridoni alikuwa ameshapata habari. Basi kumbuka: mlango ufungukie upande wa pili, uwe unauvuta kwenye fremu yake. Kama haufungukii huko, uache. Tafuta nondo za dirisha, uzitikise kwanza. Ama rudi kwenye gari, bodi ya lori haijawahi kunisaliti.

Pili, mipira. Petro alikataa mikanda yangu katakata. "Babu yangu alikata mkonge maisha yake yote," akasema, "sikusikia hata siku moja amevuta mlango." Lakini nilikuwa nikimwona ananichungulia. Mwisho akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye kulabu ya tela, akawa anavuta kwa siri nyuma ya gari lake, na ukimkuta anajifanya anakagua tairi. Dada Naomi nilipomwambia alisema mpira ni mzuri sana, na kwa asiyepata mikanda unatosha kabisa. Kosa la Petro ni kwamba aliuacha juu ya dashibodi, juani, na mikono yake ina dizeli. Siku moja Nzega ukakatika amevuta mpaka mwisho, ukamchapa pajani. Alikaa na alama ile kama mtoto aliyechapwa na mwalimu, na kwa wiki nzima hakuniita Bibi Harusi. Kila mara kabla ya kuvuta, unyooshe mpira kwenye mwanga uangalie kama una nyufa ndogondogo. Ukiziona, mpira huo tumia kufungia kuku.

Tatu, usishuke kwenye gari ukainama. Hili watu hawaamini. Umekaa saa nyingi, mwili umekakamaa, unaruka chini unainua jeki. Hapo ndipo viuno vinapoondoka. Shuka, tembea kuzunguka gari mara chache ukikagua matairi, ambayo ni kazi yako hata hivyo, lala nyuma kidogo na mkanda, halafu ndiyo ushike jeki. Ami Salimu nilimweleza hili akaniambia wakulima wanalijua siku zote, hakuna anayeteremka kitandani akaanza kulima. Sasa mbona hakuna aliyemwambia dereva?

Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafanya kidogo tu, karibu na magharibi, ili nikimaliza adhana inaniita kwenye tende na maji. Usifanye mchana ukajifanya shujaa. Nilijaribu mara moja, nikaendesha kutoka Segera mpaka Korogwe nikiona barabara mbili.

Na kitu kimoja cha kuchekesha. Nikiwa na hamu hii ya kuchunguza, nikaanza kupima mapaja kwa kipande cha kamba. Yangu, ya Petro, ya madereva waliokubali. Paja la kushoto la dereva ni nene kuliko la kulia. Ni klachi hiyo. Bega la kulia limeshuka, ni la kuegemea dirishani. Unaweza kumvua dereva shati nikakwambia ni dereva bila kuona leseni. Petro alisema kama ni hivyo tutafufuliwa siku ya kiyama tumepinda upande mmoja. Nikawa namwambia achuchumae kwa mguu wa kulia zaidi, alipie deni la klachi.

Kidogokidogo watu wakaacha kucheka. Kwenye foleni za mizani akawa anakuja mmoja, anauliza, naye anajaribu. Wengine walikuwa vijana wenye vifua vikubwa, wanabeba vyuma mjini, wakitiwa miguu kwenye vitanzi wanatetemeka kuliko mimi nilivyotetemeka. Siku hizi mnaona mikanda ya namna hii kwenye simu zenu, mnauziwa na muziki juu yake. Haidhuru. Ukitaka nunua, hutaki kata mpira. Mwili haujui bei.

Na mgongo? Haukupona siku moja, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Kuna miaka ulinishika tena, Kigoma nililala kwenye simenti siku nzima. Lakini uliposhika ulikuwa unaachia upesi, na mara hizo zikawa zinakaa mbali zaidi moja na nyingine. Mimi nilikuwa na kipimo changu. Kila nilipokwenda Mwera, kabla sijakaa, mama alikuwa anauliza:

"Mgongo?"

Nami nasimama mbele yake, nainama. Mwanzo niliishia magotini. Baadaye kwenye miundi. Siku niliyogusa vidole vya miguu, mama aliweka chini ungo wa mchele akaja kuangalia kwa karibu kama sikukunja magoti.

Naye aliipenda ile mikanda. Niliifunga kwenye nguzo ya baraza ili nimwonyeshe, akashika vishikio, akajikalisha kwenye kigoda, akasimama. Akarudia. Alikuwa ameshaanza kupata taabu ya kuinuka. Akawa anaiona kama mchezo.

"Hii ningeipata wakati nawazaa ninyi," akasema, na dada zangu wakaficha nyuso.

Nikamwachia iwe yake, nikapata mingine. Kwa miaka mingi majirani walikuwa wakipita asubuhi wanamkuta Mama Bakari na leso yake amening'inia kwenye nguzo, anajiinua taratibu, anajiteremsha taratibu, na wanamwamkia shikamoo naye anaitika bila kuacha. Nilimpenda sana nikimwona hivyo. Nasema wazi, kwa sababu madereva hatusemi. Maisha yangu mengi nilimwona mama kwa kupitia, nikiwa na gari nje linangoja.

Petro alinichokoza mara moja juu ya jambo hili. Tulikuwa tunakunywa chai Nzega, akaniuliza, kwa upole siyo kwa utani, kama si ajabu mtu kujiandaa miaka yote kwa ajili ya kaburi la mama yake. Nilifikiri. Nikamwambia sijiandai kwa ajili ya kifo chake, najiandaa ili akiniuliza nisimdanganye. Aliridhika na jibu hilo, mimi sikuridhika nalo sana. Kuna siku nilikuwa nafanya mazoezi nikijisikia kama ninayemharakisha, nikaacha, nikakunja mikanda, nikaitia kwenye begi. Kisha nikamkumbuka ananing'inia kwenye nguzo yake, nikaifungua tena.

Mama alifariki mimi nimeshastaafu. Aliugua muda mfupi, mwishoni hakuwa anakula. Dada zangu walimwosha, wakamvika sanda, wakaniita nimuage. Watu walikuwa wengi. Petro alikuja kutoka Hale akasimama nyuma ya safu, mikono ameifumbata, kofia ameivua.

Niliteremka kaburini na wapwa zangu wawili, watoto wa dada zangu, vijana wenye nguvu. Juu yetu watu walitandaza shuka ili mama asitirike. Ndani kukawa na kivuli chenye harufu ya udongo mbichi. Niliweka miguu nilivyofundishwa, nikakunja nyonga siyo mgongo, nikakaza panapotakiwa kukaza, nikanyoosha mikono. Sikuwa na hofu hata kidogo na kiuno. Nilikuwa tayari kwa uzito wowote ambao mwanadamu anaweza kuwa nao.

Wakamteremsha. Akafika mikononi mwangu, na hakuwa na uzito. Miaka yote ile, milango, nondo za madirisha, bodi za malori, mizani zote kutoka Tanga hadi Kigoma, na mama yangu alikuwa mwepesi, ningeweza kumpokea hata na mgongo ule wa zamani. Nilimshika. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sanda nami mkono wa kuyafuta sina. Nilijua kilichobaki ni kumlaza na kumgeuza, na kwamba nikishafanya hivyo sitamshika tena.

Mmoja wa wapwa zangu alikuwa ameshasikia habari za kaburi la babu yake. Aliniona nimesimama tu, siendi juu wala chini, akasogea sikioni.

"Mjomba, mgongo umeshika? Tukusaidie?"

Nikamwambia mgongo hauna neno, aniache kidogo.